Mtani wa Kujipachika

Mwinshehe aliuza mbuzi za kukunia nazi pale sokoni Mbagala Rangi Tatu kwa miaka thelathini na mbili, na bei aliitaja mara moja tu. Elfu kumi. Ukisema nane, anakutazama. Ukisema nane na nusu, anachukua tupa yake anarudi kunoa meno ya chuma. Wengi waliondoka wamenuna, wakazunguka soko zima, wakarudi. Wasiorudi hakuwafuata kwa macho.

Alizitengeneza mwenyewe. Shule hakusoma; chuo cha Kurani alifika, akatoka na juzuu moja kichwani na alama za bakora mgongoni. Lakini kibao chake hakiyumbi ukikikalia, na meno yake hayashuki mpaka kwenye kifuu yakakutilia weusi kwenye tui. Kwa hiyo hakuona sababu ya kuisifia mbuzi. Ikalie, kuna, utajua.

Jirani zake wa sokoni walikuwa na spika. Kila meza na spika yake, na kila spika na sauti iliyorekodiwa tangu mwaka juzi: viatu tano tano tano, soksi buku buku buku. Mwenye sauti mwenyewe kalala chini ya meza, simu usoni. Mwinshehe aliwadharau. Mtu mzima anakiachia chombo kimsemee, na chombo chenyewe hakina la kusema.

Nyumbani kwake, Charambe, msemaji alikuwa mkewe Somoe. Lakini Somoe alijua kusema. Binti wa nyumba ya pili aliporudishwa na mumewe wiki mbili baada ya harusi, wanawake wa mtaa walijipanga kwenda kumpa pole, kanga mabegani, nyuso wamezikunja tayari. Somoe hakwenda. Alimwita kutoka dirishani. "Wee mtoto, hebu nenda kaninunulie chumvi." Kama jana, kama juzi, kama vile hajawahi kuondoka. Yule binti alikimbia dukani, na kutoka siku hiyo akawa anapita kwa Somoe kila asubuhi kuuliza kama chumvi ipo.

Na sauti alikuwa nayo. Kila jioni alisimama mlangoni akaita, "Suleimaaan, njoo ule," mpaka kule kituo cha daladala wakajua kwa Mwinshehe chakula kimeiva. Suleiman ndiye mwanawe wa mwisho. Alishafika miaka ishirini na sita, ana masharubu, na bado aliitwa hivyo.

Mwezi wa pili mwaka huu Suleiman alikamatwa na pikipiki isiyo yake. Hakusingiziwa. Aliiiba. Wakampeleka Segerea kusubiri kesi, na kesi ikawa ya kuahirishwa. Siku hiyo Mwinshehe alisema maneno manne: "Mie sina mtoto mwizi." Hakuongeza, na hakwenda kumwona. Siku za kutembelea mahabusu alikwenda Somoe na binti yao Raudha, na kikapu. Wakirudi hakuwauliza kitu, na wao walimjua, hawakumwambia.

Aliyebaki wa kufichwa ni mmoja. Mama yake Somoe, Bi. Siwema, anakaa Maneromango, miaka themanini na kitu, na Suleiman amekulia mgongoni kwake. Somoe akaamua kwamba mama asijue, maana akijua atakufa. Akampigia simu, akasema Suleiman kapata kazi Tunduru kwenye maghala ya korosho, huko simu hazishiki vizuri. Basi mtaa mzima ukajua Suleiman yuko wapi, na mtaa mzima ukajua yuko Tunduru.

Mwezi wa nane Somoe alianguka jikoni. Hospitali alikaa siku mbili, ulimi umekuwa mzito, na katika siku hizo mbili alisema kitu kimoja cha kueleweka. "Mama asijue."

Mwinshehe aliitikia kwa kichwa. Alimzika na ahadi hiyo mkononi, na hakubaki na nyingine ya kumtimizia.

Sasa Kornelio.

Kornelio alikuja mjini kutoka Muleba zamani, na cheti cha kidato cha nne ambacho anakitaja mpaka leo. Kazi yake dalali wa vyumba. Alijua kila mlango Charambe na nani kalala nyuma yake. Kwenye chama cha kuzikana cha mtaa alijipa uenezi, hakuna aliyemchagua wala aliyemkatalia. Alikuwa na spika ya kuburuta yenye magurudumu na kipaza sauti chake mwenyewe, akija nayo harusini, msibani na kwenye mikutano ya mitaro. Watu walisema Kornelio si mtu mbaya. Mwinshehe aliona mtu akishasifiwa hivyo, basi hana sifa.

Alikwenda kumwona mgonjwa wa figo akamtajia kwa majina watu watatu waliokufa kwa figo, na mahali walipozikwa. Alimkuta mama mjamzito dukani akamwuliza mbele za watu kama safari hii itakaa. Kwenye harusi ya Blessing, mtoto wa mwinjilisti, alishika kipaza sauti akampongeza bwana harusi kwa moyo wake wa kusamehe. Kusamehe nini, hakusema. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama bibi harusi.

Huko kote hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na nia yoyote. Palipokuwa na kimya aliona kama sufuria isiyofunikwa, lazima atie kitu.

Siku ya kumzika Somoe alimshika Mwinshehe bega. "Mzee wangu, Mungu kakupunguzia. Mgonjwa wa kupooza anakulaga nyumba. Sasa angalau utapumzika."

Mwinshehe alimtazama viatu. Vilikuwa vya kuchongoka mbele, vinang'aa, na udongo wa kaburi umevishika kidogo pembeni.

Mkewe Kornelio, Felicitas, aliosha masufuria ya msiba siku tatu, na katika siku tatu Mwinshehe hakumsikia sauti. Alijiuliza mwanamke huyo anaishi vipi mle ndani. Pengine mle ndani ndimo alimojifunzia.

Mtani wa kweli alikuwepo. Nyamizi, Mnyamwezi wa Nzega, anauza asali ya Tabora kwenye chupa za maji pale njia panda. Wanyamwezi na Wazaramo, kabila la kina Mwinshehe, wanataniana tangu enzi za mababu. Akifa Mzaramo, Mnyamwezi ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Atavaa nguo ya marehemu, atatembea mwendo wake, atalala njiani jeneza lisipite, atawacheka wafiwa mpaka wacheke. Hiyo ni kazi. Ina mipaka, na ina wenyewe.

Nyamizi na Somoe walitaniana miaka ishirini na saba, asubuhi kwa asubuhi, pale kwenye bomba la maji, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa wake. Kwa hiyo siku ya maziko watu walimngoja. Wakamtupia macho, wengine wakaanza kutabasamu kabla. Nyamizi alikaa mkekani na pembe ya kanga mdomoni. Hakuinuka. Hakusema neno mpaka watu wakatawanyika. Katika wote waliokuja kumpa pole Mwinshehe siku ile, na maneno yao, ni huyo tu aliyempoza.

Kornelio naye aliona. Yeye aliona pengo.

"Msiba umepoa," aliwaambia wanaume waliokaa kwenye viti. "Mtani kashindwa kazi. Mie ningepewa nafasi, watu wangevunjika mbavu."

"Wewe Mhaya, utani na Wazaramo umeutoa wapi?" mmoja akamwuliza.

"Nimekaa Mbagala miaka thelathini. Nimekula pilau za misiba yenu zote. Mie sasa ni mtani kuliko Mnyamwezi."

Wakacheka. Hilo ndilo walilokosea. Kornelio kicheko chochote alikihesabu kuwa kibali.

Bi. Siwema hakufika kuzika. Nyonga ilimlaza kitandani. Akatuma neno kwamba arobaini atakuja, hata kama ni kwa kubebwa. Basi wiki moja kabla, Nyamizi alipita nyumba kwa nyumba bila kutumwa. Alisema neno lilelile kila mlango. "Bibi anakuja. Suleiman yuko Tunduru." Watu wakaitikia. Kwa Kornelio alisimama zaidi.

"Umenisikia, dalali?"

"Dada Nyamizi, mie? Mie ni kaburi."

"Kaburi halijisifu."

"Nakuapia, mie hilo nishalisahau. Nani? Suleiman? Suleiman yupi?"

Nyamizi alimtazama, akamtazama na Felicitas aliyekuwa nyuma yake anachambua mchele. Felicitas alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayetazama mvua inakuja na nguo ziko kambani.

Bi. Siwema aliletwa asubuhi kwa gari la kukodi. Alishushwa kama kitu cha udongo, akakalishwa mkekani upande wa wanawake, mto mgongoni. Mwinshehe alimwamkia kwa mbali, amechutama, macho chini. Kwa adabu za kwao, mtu hakai mkeka mmoja na mama mkwe, hali naye, na neno lake la zaidi ya salamu hulipitisha kwa mtu wa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Pole na mzigo."

"Tushapoa, mama."

Akarudi upande wa wanaume, lakini masikio aliyaacha kule. Bi. Siwema aliuliza. Aliuliza nani alimwosha mwanawe. Aliuliza kuku wa Somoe wamebaki wangapi, na ule mti wa mlonge mbona umekatwa. Aliuliza mpaka kidonge cha presha kilikuwa cha rangi gani. Raudha alimjibu moja moja. Kwa kila swali Mwinshehe alingojea lile lenyewe. Halikuja. Adhuhuri ikaswaliwa, khitma ikasomwa, dua ikaombwa, pilau ikaliwa, na bibi hakuuliza alipo Suleiman. Mwinshehe akamshukuru Mungu. Akaona mkewe huko aliko kamsaidia.

Baada ya kula likaletwa furushi la nguo za Somoe, wazigawane wanawake wa ukoo. Likawekwa miguuni kwa Bi. Siwema. Mzee wa kuongoza shughuli akawa anasubiri watu wanawe mikono ili afunge. Palikuwa na kimya kidogo, kile cha watu walioshiba wanaomkumbuka mtu.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko nyuma?"

Huko nyuma palikuwa hatua saba.

Kornelio alikuwa amesimama katikati ya ua, spika yake pembeni kama mbwa. Alishukuru. Hakuna aliyemwomba ashukuru. Alishukuru wapishi, alishukuru waliochanga, akawataja na ambao hawakuchanga, kwa utani. Halafu akasema, "Sasa ndugu zangu, huu msiba una deni. Marehemu kazikwa kimya. Mtani wake mdomo ulimkauka. Na mie kama mtani wa mtaa siwezi kuliachia."

Akaenda moja kwa moja kwenye furushi. Akainama mbele ya Bi. Siwema, akasema "Samahani, bibi," akachomoa kanga. Ile ya kahawia yenye chapa ya korosho, aliyokuwa akiivaa Somoe kila siku. Akajifunga kiunoni juu ya suruali.

Mwinshehe aliona kanga ile kiunoni kwa mwanamume yule, na mkono wake ukatafuta tupa, ambayo haikuwepo.

Kornelio akatembea. Somoe alikuwa na mguu wa kushoto mzito kidogo, naye akauburuta ule mguu kama amekanyagwa na lori. Watoto wawili walicheka. Mtu mzima mmoja akakohoa. Kornelio akavisikia vile vicheko viwili, na mwendo ukampanda. Akaweka kiganja pembeni ya mdomo, kipaza sauti kwa mkono wa pili, akatoa sauti nyembamba.

"Suleimaaan, njoo ule."

Hapo wengine kweli walitabasamu, maana aliipatia. Angeishia hapo, pengine angesamehewa. Lakini utani unataka majibizano, hilo alilijua, na hakuwa na mwenzake wa kumjibu. Akajijibu mwenyewe kwa sauti nzito.

"Kula wewe, mama, mie Segerea nakula maharage ya serikali."

Spika iliendelea kuunguruma. Raudha alikuwa amebeba sinia la maji, akasimama nalo hivyohivyo. Mzee wa kuongoza shughuli alishika ndevu zake na kutazama mkeka. Hakuna aliyethubutu kumtazama Bi. Siwema, na kwa kutothubutu huko wakawa wamesema zaidi ya Kornelio. Yeye bado alikuwa kasimama anatabasamu, akingoja kicheko kimfikie. Halafu uso ukaanza kumwanguka, kipande kipande.

Mwinshehe alitaka kusema. Alitaka neno moja tu la kuweka juu ya lile, lolote, la kulifunika. Akatafuta. Maisha yake yote alijisifu kwa alivyokuwa hasemi, na sasa alipoingiza mkono mfukoni kutafuta neno hakukuta kitu. Somoe angelipata. Alijidharau kwa namna ambayo hakuwahi kumdharau hata dalali.

Akainuka Nyamizi.

Hakuharakisha. Alijifunga kanga yake vizuri, akavua ndala, akazishika mkononi.

"Wewe," alisema. "Nani kakupa utani?"

"Dada Nyamizi, nilikuwa nacha—"

"Nakuuliza, huko kwenu mnataniana na nani? Na mikungu ya ndizi? Mie nimekaa siku arobaini sijasema, watu wakasema Nyamizi mtani kaisha. Kumbe nimeacha kiti wazi dakika moja, kimekaliwa na dalali. Vua kanga ya mtumwa wangu."

"Navua, lakini—"

"Na viatu. Anayetania bila utani huondoka peku. Mguu huu. Lete na huo. Felicitas, mume wako ana soksi yenye tundu, na nyumba za watu anazifungua kila siku."

Wanawake walianza. Mmoja aliguna, mwingine akaficha uso, halafu kikatoka kicheko cha kweli, kile cha watu waliobanwa pumzi. Bibi mmoja kutoka jikoni alileta unga wa ngano kwenye ungo, Nyamizi akachota akampaka Kornelio kichwani na mashavuni, naye akasimama amepauka kama andazi. Kipaza sauti kilishanyang'anywa na kuzimwa. Kwa mara ya kwanza watu waliona mdomo wa Kornelio bila sauti. Haukuwa kitu cha kutazama.

Nyamizi akaichukua ile kanga ya kahawia, akajifunga yeye.

"Mmeona alivyomtembeza? Somoe hakutembea hivyo. Tazameni."

Akatembea. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo tu, robo ya hatua, na bega la kulia likashuka kuusubiri, na mkono mmoja ukashika kiuno kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Alikuwa Somoe. Akafika mlangoni, mlango uleule, akaweka kiganja.

"Suleimaaan, njoo ule."

Akageuka upande wa pili, akalegeza shingo, akajibu kwa sauti ya kijana mvivu. "Naja, mama, nafunga kamba ya kiatu."

Ndivyo Suleiman alivyojibu miaka yote, na haji. Hata wa mtaa wa nyuma waliijua ile kamba ya kiatu. Ua ukapasuka kwa kicheko. Bi. Siwema alicheka mpaka akashika mbavu, meno yake mawili nje, machozi yakimfuata mikunjo. "Mwongo huyo," alisema, "mwongo tangu mdogo, na viatu vyenyewe hana."

"Na wewe, mtumwa wangu," Nyamizi akamgeukia Mwinshehe, "umekaa hapo kama mbuzi ya nazi iliyong'oka meno. Mwenzio alikuwa anasema kwa ajili yenu wawili. Sasa utakuwa unatuambia nini? Elfu kumi?"

Mwinshehe alicheka. Kicheko kilitoka na kitu kingine ndani yake, akafunika uso kwa kofia, na watu wakaangalia pembeni kama inavyotakiwa.

Nguo ziligawanywa. Bi. Siwema alizitoa moja moja. Gauni hili la Raudha, mtandio huu wa mke wa mpwa, kanga ya kahawia ya Nyamizi, kashaivaa ibaki naye. Shuka moja la maua ya bluu lilipotoka alilikunja mara nne, akalikalia.

Alasiri gari likaja. Bi. Siwema akamwambia Raudha, "Mwite baba yako." Mwinshehe akaja, akachutama mbali kidogo, Raudha akasimama katikati yao kupokea maneno.

"Wewe nenda kaangalie gari," bibi alimwambia Raudha.

Wakabaki wawili. Katika miaka thelathini na minne ya ukwe, haikuwahi kutokea.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Hili shuka kalilalia mwanangu. Sikumpa mtu." Alilitoa chini yake, likiwa na joto. "Mpelekee Suleiman."

Ahadi ilikuwa bado iko mkononi mwa Mwinshehe, na alikuwa mtu wa kushika. "Tunduru mbali, mama. Nikipata mtu anayekwenda—"

"Sijakuuliza ni wapi."

Kuku wa Somoe alipita kati yao, akadonoa punje ya wali, akaenda zake.

"Nimesema mpelekee. Wewe mwenyewe. Siyo Raudha."

"Nimesikia, mama."

"Na ukifika usimgombeze. Ukikosa la kusema, kaa tu. Hilo unaliweza."

Akanyoosha mkono ili ainuliwe. Raudha na dereva wakampakia. Hakutaja mahali, wala kesi, wala Kornelio. Gari lilipogeuka alikuwa anatazama mbele.

Jioni ile Mwinshehe alikaa kwenye kibao cha mbuzi ambayo haijaisha, shuka mapajani, akazipitia tena saa zote za mchana. Kuku, bibi aliwauliza. Mlonge aliuuliza. Rangi ya kidonge aliiuliza. Bibi anayekuja kwenye arobaini ya binti yake, akafika hajamwona mjukuu aliyemlea, na asiulize yuko wapi. Mtoto mdogo angegundua. Yeye alishukuru. Yeye, aliyejidai anajua kunyamaza kwa watu kama anavyojua mbao, alikaa asubuhi nzima mbele ya kimya kikubwa kuliko vyote akakiona ni bahati.

Na chake je? Miezi saba alikiita heshima. Kilikuwa ni uvivu tu wa kwenda kumtazama mtoto usoni. Tofauti yake na Kornelio ni kwamba Kornelio alijaza ua kwa maneno yasiyo na kazi, na yeye alijaza nyumba kwa kimya kisicho na kazi. Mkewe ndiye aliyeishi katikati, anasafiri na kikapu.

Lini bibi alijua, hakujua. Labda tangu mwezi wa pili. Labda Somoe na mama yake walifichana kitu kimoja kwa miezi sita, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa simu. Hakumwuliza Raudha. Hilo aliona kweli si la kuuliza.

Viatu vya Kornelio vilikaa kwa Nyamizi siku mbili. Felicitas alikwenda kuvikomboa kwa kuku, kama desturi inavyotaka. Wanawake hao wawili walikunywa chai, wakamaliza, Felicitas akaondoka na viatu kwapani. Hakuna aliyesikia walichozungumza, pengine kwa sababu hawakuzungumza.

Siku ya kutembelea ilipofika, Mwinshehe hakwenda sokoni. Alivaa shati lake jeupe, akalifunga shuka kwenye mfuko wa sandarusi, na kipande cha sabuni juu yake. Raudha alimwona akamwekea maandazi. Pale njia panda Kornelio alikuwa amesimama na funguo zake, viatu vinang'aa.

"Mzee wangu, shikamoo. Na furushi? Safari ya wapi tena?"

Siku nyingine Mwinshehe angemtazama tu.

"Segerea," alisema. "Kwa mwanangu."

Kornelio alizungusha funguo kidoleni. "Aa. Eeh, vizuri. Umpe pole. Halafu mzee wangu, ile siku, mie unajua, nilivyokuwa nimekusudia ni kwamba watu—"

Mwinshehe alishapita. Nyuma yake alisikia sauti ileile inamgeukia muuza vocha. "Umemsikia mzee? Kasema mwenyewe, Segerea, kwa mdomo wake." Na aitangaze. Hakuna aliyebaki wa kufichwa, na neno lenyewe sasa lilikuwa limetoka kwa mwenye nalo.

Njiani alitafuta la kumwambia kijana. Kuhusu mama yake, Raudha alishamwambia. Kuhusu pikipiki, hakimu atasema. Alitafuta tangu Mbagala mpaka Tabata, mfuko mapajani, viganja viwili juu yake. Hakupata. Akaacha kutafuta. Atampa shuka, atakaa.

Akashuka, akauliza njia, akasimama kwenye foleni nyuma ya wanawake wenye vikapu.